Rafiki yangu anakunywa kila siku na amekata tamaa, tumpeleke ushago tumfungie aache?

Swali: Habari daktari. Niko Kisumu, natengeneza simu hapa Kondele. Nina rafiki tumetoka naye mbali sana, tumesoma pamoja tangu praimari. Alikuwa karani kwa kiwanda kimoja cha sukari, mshahara ukaanza kuchelewa miezi na miezi, mwishowe wakaachishwa kazi, bibi naye akarudi kwao na watoto. Saa hii anakunywa kila siku. Akiamka kitu ya kwanza ni kutoa loki, yaani kunywa tena ili uchovu wa pombe ya jana utoke, asipopata anatetemeka mpaka kikombe cha chai kinamshinda. Amekonda, hashiki simu, hata Gor ikicheza hashughuliki. Juzi akaniambia hata akiondoka hakuna mtu atasumbuka. Tumekaa na kakake tukaona tumpeleke kwao Siaya, tumfungie kwa nyumba wiki mbili bila tone la pombe mpaka imtoke. Mamake naye ameuziwa unga fulani wa kumwekea kwa chai bila yeye kujua, ati utamfanya achukie pombe. Tufanye ipi? Na hii huzuni ni pombe inaleta ama ni kitu kingine?

Jibu: Ndugu yangu, asante kwa kuandika, na asante kwa kutomchoka huyo rafiki yako. Lakini kabla ya kitu kingine chochote, msimfungie. Na huo unga mamake asiuweke popote. Najua mmekaa mkafikiria vizuri, mna uchungu naye, lakini hiyo mipango yote miwili inaweza kumuua na ndio maana naanza nayo.

Kuna mtu hunywa wikendi, ukimnyima pombe atanuna tu na kesho yake maisha yanaendelea. Rafiki yako si huyo. Umeniambia anakunywa kila siku, anatoa loki asubuhi, na mikono inatetemeka mpaka anywe. Hiyo mikono ndiyo inaniambia mwili wake umeshashikana na pombe. Pombe kazi yake ni kutuliza ubongo, kuupunguzia mwendo, sasa ikifanya hivyo kila siku miezi mingi ubongo nao unajifunza kusukuma kwa nguvu upande ule mwingine ndio mtu aweze kusimama na kuongea na kutembea. Ni kama mtu anayesukuma mlango ambao mwingine ameushikilia kwa nje, siku ukiachiliwa ghafla anaanguka nao mzima mzima. Ukiondoa pombe yote siku moja, ule ubongo unabaki unakimbia bila kitu cha kuushika.

Sasa fikiria hizo siku zenu za Siaya zitakavyokuwa. Kuanzia masaa sita hivi baada ya glasi ya mwisho ataanza kutetemeka zaidi, jasho, kutapika, moyo unaenda mbio, usingizi hakuna. Kati ya hayo masaa sita na kama siku mbili anaweza kuanguka kifafa, hata kama maishani mwake hajawahi kuanguka. Alafu kuanzia siku ya pili kwenda ya nne ndio mbaya kuliko zote, manake hapo mtu anaweza kuchanganyikiwa kabisa, mwili unachemka, anaona wadudu ukutani, anaongea na watu hawako, anataka kutoka nje usiku akimbie. Wataalamu wanaita hali hiyo deliriamu tremensi na bila matibabu inaua watu. Na mnajua venye itaenda hapo nyumbani, saa nane usiku mtu anapiga kelele ati anaona marehemu babake amesimama mlangoni, wazee watasema ni juogi, yaani mapepo, mwingine atasema amerogwa, wataitwa watu wa maombi, na mlango bado umefungwa kwa kufuli. Mimi siwakatazi maombi hata kidogo, ombeni, lakini ombeni mkiwa njiani kwenda hospitali. Wagonjwa wa namna hii huletwa wakiwa wamechelewa kwa sababu nyumbani walidhani pombe ndio inatoka.

Kwa hivyo mpaka aonwe na daktari, asisimamishe pombe ghafla. Najua inasikika vibaya mtu wa kazi yangu akisema hivyo, lakini ni bora aendelee kupunguza kidogo kidogo hizo siku chache za kungoja kuliko akate siku moja mkiwa mbali na hospitali. Ale chakula, hata kama ni uji tu na ndizi, anywe maji mengi. Na kama anachukua ile chang'aa ya mitaani, mwambie hatari yake waziwazi, si kwa kumtisha, manake hakuna mtu anajua imechanganywa na nini. Methanoli haina rangi wala harufu ya kukuonya, inapofusha macho na inaua, na nchi hii tumezika watu wengi kwa hiyo, Embu na kwingineko mwaka wa 2014, Kirinyaga Februari 2024.

Na msiende kemisti kununua Valium, ile dawa ya kutuliza, mkamlishe wenyewe. Ni kweli dawa za jamii hiyo ndizo hospitali inatumia kumtoa mtu kwa pombe salama, lakini wanapima, wanaanza na dozi inayomfaa na kuishusha siku kwa siku, kwa kawaida kama wiki moja hivi, huku wakiangalia pumzi yake. Ukichanganya hizo tembe na mzinga wa vodka nyumbani mtu analala na kupumua kunaweza kusimama.

Mpeleke hospitali ya kaunti ama Russia, unaijua, hospitali ya Jaramogi pale. Ukifika usiseme tu ati "ni mgonjwa, hali chakula". Hii makosa inafanyika sana, watu wanaona aibu kutaja pombe, daktari anatafuta malaria na taifodi, mgonjwa analazwa kwa mambo mengine na usiku wa pili anaanguka kifafa kwa wadi na hakuna mtu alijua. Sema wazi wazi: anakunywa kila siku, kiasi gani, alikunywa mwisho saa ngapi, amewahi kuanguka kifafa ama hajawahi, kuna dawa gani nyingine anatumia. Kitu kingine nataka ukishike vizuri ni vitamini B1, ile inaitwa thiamini. Mtu wa pombe ya kila siku ambaye hali vizuri huwa amepungukiwa nayo sana, na akiwekewa dripu ya glukosi bila kupewa thiamini ubongo wake unaweza kuumia, anabaki na shida ya kukumbuka vitu, kutembea akiyumba, macho hayatulii. Madaktari wanajua, lakini kliniki ndogo za mtaani ambazo kila mlevi akiingia anatundikiwa dripu "imuoshe pombe", hapo wewe uliza kwa heshima, "daktari, amepata thiamini?" Hakuna mtu atakukasirikia.

Huo unga sasa. Sijui ameuziwa nini na huyo aliyemuuzia pengine hajui pia. Kuna dawa ya kweli ya hospitali inaitwa disulfiramu, mtu akiimeza alafu anywe pombe uso unakuwa mwekundu, kichwa kinagonga, anatapika, moyo unaenda mbio na presha inaweza kushuka vibaya. Inapewa mtu ambaye ameshatoka kwa pombe, amepimwa ini na moyo, na amekubali mwenyewe akijua kabisa itakavyomfanya akigusa glasi. Kumwekea mtu kwa chai kisiri na bado anakunywa kila siku ni kumwekea sumu. Na kama si disulfiramu ni mizizi tu iliyosagwa, basi mama amepoteza pesa, na siku rafiki yako akigundua, hatakula tena chakula cha mamake na hataamini mtu yeyote hapo nyumbani, wakati huu ambapo anawahitaji nyinyi wote. Mwelezeni mama polepole, msimgombeze, ni mzazi anatafuta njia.

Hayo ni ya mwili. Nije kwa yale maneno aliyokwambia, kwamba hata akiondoka hakuna mtu atasumbuka, manake yamenisumbua kuliko hata pombe.

Usiyapite. Leo ama kesho, mkiwa wawili, muulize moja kwa moja, "Uliponiambia vile, ulimaanisha unafikiria kujiua?" Tumia hilo neno lenyewe. Watu wengi wanaogopa ati ukimuuliza utampa wazo, haiko hivyo, ukimuuliza unampa mahali pa kutua mzigo ambao amekuwa akibeba peke yake, na wengi wanashusha pumzi kwa sababu mwishowe kuna mtu ameweza kulisema. Akisema ndio, muulize kama amefikiria namna na lini. Kama ana mpango, hiyo ni emajensi, haingoji Jumatatu, usimwache peke yake, mmoja wenu alale naye, dawa za shamba na tembe ziondolewe kwa hiyo nyumba, na mumpeleke hospitali. Mtu akiwa amekunywa ndio hatari zaidi, kile kitu asubuhi angekifikiria mara mbili usiku anakifanya bila kufikiria. Na msiogope polisi. Zamani kujaribu kujiua kulikuwa kosa kwa sheria yetu, kifungu cha 226, na familia zilikuwa zinaficha wagonjwa kwa hiyo sababu, lakini Januari 2025 Mahakama Kuu ilisema kifungu hicho kinakiuka katiba. Ukihitaji mtu wa kuongea naye usiku, Msalaba Mwekundu wana laini ya bure 1199, na NACADA, shirika la serikali la kupambana na ulevi, wana yao ya mambo ya pombe na dawa za kulevya, 1192, nayo ni ya bure, na wewe kama rafiki unaweza kupiga, si lazima awe mgonjwa.

Umeuliza huzuni ni pombe inaleta ama ni kitu kingine. Swali zuri sana, na jibu la kweli ni kwamba saa hii hakuna mtu anaweza kukwambia, hata mimi nikikaa naye leo. Pombe yenyewe inaleta huzuni. Inamlaza haraka lakini inamwamsha saa tisa usiku, na hiyo saa tisa ndiyo mtu anahesabu deni la Fuliza na watoto ambao hajawaona, asubuhi anaamka amechoka na aibu, anakunywa kuondoa aibu. Lakini pia mtu aliyepoteza kazi na nyumba kwa mwaka mmoja anaweza kuingiwa na ugonjwa wa sonona, ile huzuni nzito isiyoondoka, hata bila kuonja pombe, alafu pombe ikaja kama dawa aliyojiandikia mwenyewe. Huku kwetu kwenye ukanda wa miwa, kutoka Muhoroni mpaka Mumias, hiyo hadithi ya kiwanda kuyumba na mwanaume kuyumba nacho inajulikana kwa kila boma. Kinachosaidia kutofautisha ni muda. Akikaa bila pombe wiki mbili, tatu, nne, na roho ikaanza kufunguka, analala, anacheka, anauliza matokeo ya mechi, basi sehemu kubwa ilikuwa pombe. Akikaa huo muda na bado hana ladha ya kitu chochote, hiyo ni sonona yenyewe na inataka matibabu yake.

Lakini msisikie mtu akiwaambia "aache kwanza pombe ndio tuangalie mambo ya huzuni", mkarudishwa nyumbani mikono mitupu. Hapa ndipo watu wetu wengi wanapotelea. Huyu wa akili anasema kamalizane na pombe, yule wa pombe anasema hii ni ya akili, na mgonjwa anazunguka katikati mpaka anachoka. Hayo mawili yanatibiwa pamoja, na daktari mmoja ama timu moja. Akihitaji dawa za sonona, kama fluoksetini, ajue mapema kwamba hazifanyi kazi siku ya kwanza, huchukua wiki mbili mpaka sita, asizitupe wiki ya kwanza ati hazina nguvu. Akipewa amitriptilini, ambayo ni ya bei nafuu na inapatikana sana, wewe ama kakake mkae na pakiti mumpe za siku chache chache, manake hiyo ikizidi ni hatari kubwa, na pombe inaifanya mbaya zaidi. Kuna pia naltreksoni ya kupunguza hamu ya pombe, uliza kama wanayo. Na ushauri nasaha, kukaa na mtu aliyefunzwa wiki baada ya wiki, huo usiuone kama maneno tu, ni nusu ya dawa.

Sasa utamfikishaje huko, mtu ambaye hashiki hata simu. Chagua saa. Usimwendee usiku akiwa amelewa, hatakumbuka na mtakosana bure, na usimwendee akiwa anatetemeka kabla ya kitu cha asubuhi, hapo akili yake iko kwa glasi tu. Kuna kale kasaa kadogo katikati, ameshatulia lakini bado hajalewa, kwa wengi ni kama saa nne asubuhi. Nenda hiyo saa, peke yako, usiende na kikao cha ukoo. Ongea kile umeona kwa macho yako, "wiki iliyopita niliona kikombe kikikushinda nikaogopa, nimekumiss, sitaki nikupoteze." Neno mlevi usilitaje. Usimwambie angalia watoto wako wanateseka, hilo anajiambia kila saa tisa usiku. Usidai aape ataacha, kiapo cha mtu mgonjwa ni deni lingine unamwongezea. Omba kitu kimoja kidogo chenye siku na saa, "Alhamisi saa mbili asubuhi nitakupitia na boda twende tumuone daktari, nitakaa na wewe kwa foleni mpaka tumalize." Akikuuliza kama atalazimika kuacha pombe, mwambie ukweli, tunaenda kwanza kujua mwili unasema nini na kulala vizuri. Ile ahadi ya kulala imewahi kuingiza wanaume wengi kliniki kuliko mahubiri yoyote.

Pesa mkononi usimpe. Mpelekee chakula, mlipie nauli wewe mwenyewe, umnunulie dawa. Ukimpa mia mbili "ya sukari" unajua inaenda Obunga kwa chang'aa. Na kama wewe wikendi huwa unakunywa naye ili umchunge asizidishe. hiyo wacha, ndugu yangu, nakusihi. Tafuta kitu kingine cha kufanya naye, mkatembee Dunga jioni jua likishuka, aje akae hapo kibandani kwako ukimpa kazi ya kufungua skrubu za simu mbovu, mikono ikishatulia. Mtu aliyeachishwa kazi anahitaji mahali pa kufika asubuhi kuliko unavyofikiria.

Rihabu ni njia nzuri kwa wengine, programu nyingi hapa nchini ni za miezi mitatu, na hospitali ya Moi kule Eldoret wana kitengo chao cha mambo ya pombe. Ila kabla mlipe popote ulizeni kama mahali hapo pameidhinishwa na NACADA na kama kuna daktari anayesimamia zile siku za kwanza za kutoa pombe mwilini. Kuna nyumba zinajiita rihabu na kazi yao ni kufungia watu na kuwachapa, hizo ni Siaya yenu ya kulipia. Mambo ya gharama, kama hajajiandikisha SHA, ile bima ya afya ya serikali, msaidie afanye hivyo leo kwa simu, *147#, alafu muulize hospitalini ni nini inalipiwa na nini hailipiwi kabla hajalazwa.

Akianza kutulia, jueni anaweza kurudi kunywa, wengi hurudi angalau mara moja hasa hizo miezi za kwanza, na mara nyingi ni matangani ama siku ya mshahara wa kibarua. Ikitokea msimwambie tulijua. Mrudisheni kliniki wiki hiyo hiyo, na akumbushwe kwamba mwili umeshapoteza mazoea, kile kiasi alichokuwa anabeba zamani sasa kinaweza kumwangusha kabisa. Vikundi vya AA, vile vya watu wanaosaidiana kuacha pombe, husaidia hapo sana, ni bure, anakaa na watu wamepitia hayo hayo na hahitaji kujieleza.

Na akikataa Alhamisi, usigombane naye. Mwambie sawa, utamuuliza tena Jumamosi, na kweli Jumamosi umuulize, wakati huo huo wewe nenda kliniki peke yako ujue ni siku gani wanaona watu na uongee na muuguzi, ili siku akisema ndio msipoteze hata saa moja. Lakini kuna mambo hayangoji akubali: akianguka kifafa, akichanganyikiwa asijue yuko wapi, akianza kuona vitu, akitapika damu, mwili ukichemka, ama akisema anataka kujiua na ana namna. Kifafa kikimshika mlaze kwa ubavu, ondoa vitu vya kumuumiza, usimtie kijiko mdomoni, kikiisha muingie gari ama tuktuk yoyote iliyo karibu mwende emajensi, hata kama ni saa tisa usiku, na mkifika pale mlangoni neno la kwanza liwe pombe.